Shajara ya mradi: alama za rada zinazochorwa kwa mistari, na muda unaozibana

3 Februari

Naanza na hesabu ya muda, maana mradi wote unasimama juu yake.

Ninachojenga ni saketi ya kuchora alama juu ya picha ya rada kwa mistari mifupi, kama ilivyofanywa kwenye vioo vya rada za kijeshi kabla ya skrini za aina ya runinga kushika kazi hiyo. Kioo hakijazwi mistari ya mlalo kutoka juu hadi chini. Mwali wa elektroni, ukiwa umezimwa, unapelekwa moja kwa moja pale chombo kilipo. Unawashwa, unaandika alama, unazimwa tena na kurukia alama inayofuata. Tyubu niliyo nayo, yaani chupa ya kioo ambamo mwali huo huruka na kuchora picha, ni ya duara, na mwali wake unapindwa kwa koili za sumaku. Rada ni ya kuigiza: kompyuta ndogo inatoa mipigo, miangwi na pembe ya antena, kwa hiyo hakuna mawimbi yanayorushwa popote.

Wimbi la rada huchukua maikrosekunde 12.36 kwenda maili moja ya baharini na kurudi. Kwa masafa ya maili 200 hiyo ni maikrosekunde 2,472, na muda wote huo mwali unatembea kutoka katikati ya kioo hadi ukingoni ukisubiri miangwi. Nikituma mipigo 300 kwa sekunde, kati ya mpigo mmoja na mwingine kuna maikrosekunde 3,333. Zinabaki 861. Katika pengo hilo hakuna mwangwi unaotarajiwa na mwali hauna kazi. Alama zote ziingie humo.

Kadirio la kwanza: maikrosekunde 15 za kuhamisha mwali na kuuacha utulie, 15 nyingine za kuchora alama. Kwa 30 kila moja, pengo linabeba alama 28. Mapengo 300 kwa sekunde yanatoa alama 8,400, na kila alama ikirudiwa mara 40 kwa sekunde ili isipepese machoni, kioo kinaweza kubeba alama 210. Zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba chombo kimoja hakiji na alama moja. Kina alama yenyewe, mstari wa mwendo, na tarakimu za namba yake. Kuhama 15, alama 15, mstari 10, tarakimu nne za maikrosekunde 10 kila moja: jumla 80. Sasa pengo linabeba vyombo 10, sekunde inabeba 3,000, na kioo kizima kinabeba 75.

Namba hiyo 75 nimeiandika kwa wino mwekundu juu ya karatasi ya mradi. Kila uamuzi kuanzia leo utapimwa kwayo.

7 Februari

Alama zenyewe nimezichukua kwenye mtindo wa NTDS, mfumo wa Jeshi la Majini la Marekani ulioanza kujaribiwa melini mwaka 1961. Lugha yake ni fupi na haina utata: duara ni rafiki, almasi ni adui, mraba ni asiyejulikana. Umbo zima ni chombo cha juu ya maji, nusu yake ya juu ni chombo cha angani, nusu yake ya chini ni nyambizi. Mstari unaochomoza kutoka katikati unaonyesha kinakoelekea, na urefu wake unaonyesha kasi. Hakuna rangi, kwa sababu tyubu ina rangi moja. Hata kiwango cha alama za kijeshi cha Marekani, MIL-STD-2525, kilichotoka mwaka 1994 na kuleta buluu kwa rafiki na nyekundu kwa adui, bado kinaliacha umbo lijitosheleze bila rangi, na nadhani ni busara.

Nilijiuliza kwa nini nihangaike na mistari wakati kulikuwa na Charactron. Hiyo ni tyubu ya inchi 19 iliyotumika kwenye SAGE, mfumo wa ulinzi wa anga wa Marekani ulioanza kazi mwaka 1958. Ndani yake kulikuwa na bamba dogo lenye matundu yaliyokatwa kwa maumbo ya herufi. Mwali ulielekezwa kwenye tundu la herufi inayotakiwa, ukatoka upande wa pili umebeba umbo hilo, kisha ukapelekwa mahali pake kiooni. Herufi nzima kwa mmweko mmoja! Kwa kasi, mistari haifui dafu. Lakini bamba limefungwa ndani ya kioo kisichoingiza hewa; ukitaka alama mpya unahitaji tyubu mpya. Kwenye mistari unabadilisha namba chache kwenye kumbukumbu na jioni hiyohiyo alama mpya iko kiooni.

12 Februari

Muundo wa kumbukumbu umekamilika. Mstari mmoja mfupi ni baiti moja: biti tatu za kwenda kulia au kushoto, biti tatu za kwenda juu au chini, biti moja ya kuwasha mwali, biti moja ya kusema alama imekwisha. Biti tatu hubeba namba kuanzia −4 hadi 3. Ile −4 siitumii, ili pande zote zilingane. Kila alama imetengewa mistari 16, na alama ni 64. Kumbukumbu yote ya maumbo ni baiti 1,024, basi.

Duara kwa namba ndogo hivi linatisha kidogo mpaka ulijaribu kwenye karatasi ya miraba. Pembe nane zinatosha: pande nne za urefu wa 3, nyoofu, na pande nne za mshazari za 2 kwa 2. Mshazari wa 2 kwa 2 una urefu wa 2.83, karibu sawa na 3, kwa hiyo pembenane inakaribia kuwa sawia yenyewe bila kuibembeleza. Upana wake ni vizio 7. Kwa nusu ya juu nimekata pande za wima za 3 kuwa 1 na 2, ndiyo maana ndege rafiki wangu ana magoti mafupi kidogo. Naiacha hivyo.

Tarakimu zimenipa burudani ambayo sikuitarajia. Kila mstari unagharimu maikrosekunde 1, uwe umewaka au umezimwa, hivyo kuinua mwali katikati ya tarakimu ni hasara tupu. Saba inatoka kwa mistari mitatu. Nane ndiyo ya kufikiria: ukianzia juu kabisa, popote utakapoelekea utalazimika kuinua mwali au kupita njia moja mara mbili. Anzia katikati upande wa kushoto, shuka, nenda kulia, panda hadi katikati, panda hadi juu, rudi kushoto, shuka hadi ulikoanzia, malizia kwa mstari wa katikati. Mistari saba, hakuna kuinua, hakuna kurudia. Sababu ni kwamba katika nane ya miraba kuna kona mbili tu zinazokutanisha mistari mitatu, nazo ni zile za katikati. Safari isiyorudia njia lazima ianzie kwenye moja na kuishia kwenye nyingine.

Niliyatazama pia maumbo ya Allen Hershey, aliyezichora herufi kwa mistari mitupu kwenye maabara ya silaha ya Jeshi la Majini la Marekani huko Dahlgren miaka ya 1960. Zile zenye mistari miwili na mitatu kwa kila kiungo ni nzuri ajabu, ila herufi moja ingenila bajeti ya chombo kizima.

18 Februari

Kigeuzi kinachobadili namba kuwa volti hutoa ngazi. Ukizipeleka ngazi hizo kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti kiooni, mwali unaruka na kusimama, unaruka na kusimama. Unachoona ni nukta kali kwenye kila kona na nyuzi hafifu kati yake. Alama ya adui inakuwa nukta nne.

Kinachotakiwa ni mwendo. Kwa hiyo namba kutoka kwenye kumbukumbu haisemi tena mahali pa kufika, inasema kasi: volti inayolingana na kizio inaingia kwenye opampu (kikuza volti) yenye kapasita, na kitokeo kinapanda au kushuka taratibu kwa maikrosekunde 1. Rezista ya kiloomu 1, kapasita ya nanofaradi 1, volti 0.2 kwa kizio kimoja. Duara lote lina upana wa volti 1.4. Nukta zimetoweka na mistari imejaa.

Gharama yake ni kwamba kapasita haisahau. Opampu ya kwanza ilikuwa na hitilafu ya milivolti 5 mlangoni, na kwa thamani hizi hitilafu hiyo huongeza milivolti 5 kila maikrosekunde inayopita. Kwa mistari minane ni milivolti 40, karibu asilimia 3 ya upana wa duara, na jicho linaona wazi kwamba mwisho haukutani na mwanzo. Kuna tiba mbili na zote zinahitajika: opampu iliyo tulivu zaidi, na swichi ya transista inayomwaga kapasita kabla ya kila alama. Bila swichi, alama ya kumi ingekuwa imekwisha hama kutoka kwenye chombo chake, na kwenye kioo cha vita hilo si suala la urembo.

Mwangaza nao: mistari yote inachukua muda sawa, mirefu na mifupi, kwa hiyo mrefu unasambaza elektroni zilezile kwenye njia ndefu zaidi na unafifia. Duara halina tatizo, pande zake zinakaribiana. Almasi ikichorwa kwa hatua za 3 kwa 3, kila hatua ina urefu wa 4.24, na ikikaa karibu na tarakimu yenye hatua ya 1 unadhani adui amefunikwa na ukungu. Nimeweka ngazi nne za mwangaza zinazochaguliwa kwa urefu wa mstari. Zinatosha.

27 Februari

Nimehama kutoka osiloskopu kwenda kwenye tyubu yenyewe, na hapa ndipo fizikia ilipokuja kudai chake.

Koili ni nzito kwa maana ya kwamba mkondo wake haukubali kubadilika ghafla. Volti inayohitajika ni ukubwa wa koili mara kasi ya kubadilika kwa mkondo. Koili kuu ninayotumia ni ya maikrohenri 100 na inataka kutoka ampea 3 za upande mmoja hadi ampea 3 za upande wa pili ili kuvuka kioo kizima. Kubadili ampea 6 kwa maikrosekunde 15 kunahitaji volti 40. Kufanya hivyo kwa maikrosekunde 5 kungehitaji volti 120, na ampea zilezile, na transista za moto, na feni. Ukiona kabati kubwa chini ya kioo cha rada cha zamani, huenda sehemu kubwa ya joto lake inatoka hapa.

Halafu, hata mkondo ukifika, haufiki na kutulia papo hapo. Unapitiliza, unarudi, unatikisika kidogo. Alama ikianza kuchorwa mapema, mstari wake wa kwanza unapinda kama umelewa.

Suluhisho la watu wa zamani ni lile ambalo kila anayeandika kwa kalamu analijua: mkono husogeza kiganja hadi mahali, vidole huandika herufi. Koili kuu inabeba mwali hadi kwenye chombo na kubaki pale. Koili ya pili, ndogo, iliyovishwa kwenye shingo ya tyubu, inachora alama peke yake. Yangu ni ya maikrohenri 10 na inahitaji kubadilika kwa ampea 0.3 tu katika maikrosekunde 1, ambayo ni volti 3. Amplifaya yake inatoshea kiganjani na haipati joto.

Mgawanyo huu umemaliza tatizo jingine kimyakimya. Kigeuzi cha biti 12 kinapovuka kutoka 2047 kwenda 2048, biti zote kumi na mbili hugeuka kwa pamoja, na kwa kuwa hazigeuki kwa wakati mmoja kamili, kitokeo huruka kabla ya kutulia. 2048 ni katikati ya kioo, mahali ilipo meli yako mwenyewe. Kama alama zingechorwa kwa kigeuzi hicho hicho, kila alama inayokatiza katikati ingekuwa na mwiba. Sasa kigeuzi kikubwa hubadilika mwali ukiwa umezimwa, na kile cha alama ni cha biti tatu tu. Sikuhitaji saketi yoyote ya kuondoa miiba.

Na jambo lililonifurahisha zaidi: koili ndogo ni nzito kiasi cha kulainisha kona. Pembenane yangu inatoka kiooni ikiwa duara. Kwa bahati mbaya almasi nayo imelainika ncha, ikabidi niongeze pumziko la maikrosekunde moja kwenye kila kona yake, mwali ukiwa umefifishwa.

6 Machi

Leo ni muda wa mwanga. Amri ya kuwasha mwali hufika kwenye tyubu haraka. Mwendo hupitia amplifaya na koili na kuchelewa. Matokeo yake kila alama inaanza na nukta nene, kwa sababu mwali umewaka kabla haujaanza kutembea, na inakatika kabla ya kufika mwisho. Mwanga ucheleweshwe. Nimeupitisha kwenye rejista ya kusogeza biti inayoendeshwa kwa megahezi 20, kila hatua nanosekunde 50. Hatua saba, yaani nanosekunde 350, ndizo zilizoondoa nukta na kurudisha ncha.

Nimefunga pia ulinzi wa kioo. Mkondo wa koili kuu ukikosekana, mwali unazimwa na saketi isiyopitia kompyuta hata kidogo. Mwali uliosimama sehemu moja huchoma fosfa, yaani unga unaong'aa ndani ya kioo, na alama ya kuungua haitoki tena. Na kwa kuwa tyubu inatumia maelfu ya volti, kifuniko cha nyuma hakifunguliwi mpaka volti kuu imezimwa na chaji yake imemwagwa.

11 Machi

Fosfa ya tyubu hii ni P7, ileile iliyovikwa vioo vingi vya rada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ina tabaka mbili: moja hutoa mmweko wa buluu na kuzimika upesi, nyingine hupokea mwanga huo na kubaki na njano ya kijani kwa sekunde kadhaa. Kwa miangwi ni neema, kwani antena ikizunguka mara 12 kwa dakika kila mwangwi husubiri sekunde 5 kabla ya kuchorwa tena. Kwa alama ni mkosi. Alama inayochorwa mara 40 kwa sekunde hujaza tabaka la njano, na ikihama huacha mzimu nyuma yake.

Inayoteseka zaidi ni ile inayosogezwa na mwendeshaji kwa mpira unaobiringishwa kwa mkono. Mpira huo una ukoo wa kijeshi kabisa: Ralph Benjamin aliubuni mwaka 1946 akifanyia kazi Jeshi la Majini la Uingereza, na mradi wa DATAR wa Kanada ukaujenga upya mwaka 1952 kwa tufe la mchezo wa bowling. Nikiusukuma kwa kasi, alama yangu inaburuta mkia kiooni. Nimepunguza mwangaza wa alama mpaka mkia ukakubalika, na kuweka kichujio cha rangi ya kaharabu kinachozuia buluu ili mmweko usichoshe macho. Miangwi imepoteza nguvu kidogo, ila naona ni biashara ya haki.

19 Machi

Jaribio la pamoja: rada ya kuigiza, antena inazunguka, vyombo vinatembea. Kutulia kwa koili kuu kumepimika kuwa maikrosekunde 11 badala ya 15 nilizokadiria. Chombo kimoja sasa ni 76. Vinaingia 11 kwa pengo, 3,300 kwa sekunde, 82 kwenye kioo.

Nikabadili masafa kuwa maili 50, mipigo ikibaki 300. Mstari wa rada unachukua 618, pengo linafunguka hadi 2,715, na kioo kinabeba vyombo 262. Ndipo kero nzima ya mbinu hii inapojionyesha: masafa mafupi, ambako vyombo ni vichache, kuna muda wa kumwaga, masafa marefu, ambako vyombo vyote vinaingia kiooni, muda haupo. Mahitaji na nafasi vinakwenda kinyume.

Kuna namna ya kuiba. Antena hii hugeuka nyuzi 0.24 kati ya mpigo na mpigo, na mwali wa rada niliouigiza una upana wa nyuzi 1.2, kwa hiyo kila chombo hupigwa mara tano. Nikifuta mstari mmoja wa rada kati ya mitano na kuutoa wote kwa alama, nafasi hiyo moja inachukua vyombo 43 na kioo kinafika 130. Miangwi inapoteza sehemu moja ya tano ya mwangaza wake. Nimeiweka kama swichi ya mwendeshaji, na kwa kawaida imezimwa, kwa sababu mwangwi hafifu ndio unaostahili kuonekana kuliko alama ya kitu ambacho kompyuta imekwisha kijua.

Tarakimu nazo nimezitoa. Zinaonekana tu kwa chombo alichokichagua mwendeshaji kwa mpira. Chombo bila tarakimu ni maikrosekunde 36, pengo la maili 200 linabeba 23, na kioo 172. Kioo kimekuwa safi pia. Vyombo vilivyokaribiana havifunikani tena kwa namba.

Kazi inayofuata ni kumaliza ule ukinyume. Miangwi ya mpigo mmoja itahifadhiwa kwenye kumbukumbu ya seli 1,024 kwa kasi ya masafa yaliyochaguliwa, kisha itachorwa wakati wa mpigo unaofuata kwa maikrosekunde 1 kila seli, masafa yawe yoyote. Mstari wa rada utachukua 1,024 daima na pengo litakuwa 2,309 daima. Picha itachelewa kwa mpigo mmoja, milisekunde 3.3. Kumbukumbu yenye milango miwili, mmoja wa kuandikia na mmoja wa kusomea, iko mezani. Kaunta zake mbili bado sijaziunganisha.